Mapambo ya nyumba na uani ya kutengeneza wenyewe: wa Arusha na Moshi tukutane hapa, na tuanze na maji

Bustani ya Meru (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nyuzi za mapambo ya nyumbani zipo nyingi, na picha zake zinavutia. Shida ni kwamba nyingi zimepigwa sehemu ambazo hazina masika yetu, hazina vumbi letu la Januari wala manyunyu ya Juni na Julai ambapo jua la Arusha unalisikia kwa majirani tu. Mtu anaiga, kitu kinapendeza wiki chache, halafu rangi inabanduka, mbao zinaoza na chungu kinapasuka. Nimefungua uzi huu tuzungumzie vitu vya kutengeneza kwa mkono vinavyodumu hapa, kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, kwa kutumia vilivyopo hapa.

Hoja yangu ni moja na nitaishikilia mpaka mwisho wa uzi: kabla hujachagua rangi wala umbo, jiulize maji yatapita wapi. Mapambo mengi ya uani yanakufa kwa sababu ya maji, ama yamekosa njia ya kutoka, ama yamenyimwa pale yalipohitajika, ama yana kitu ndani yake ambacho mmea haukitaki.

Niende kwenye vitu vyenyewe.

Vyungu vya saruji na taulo kuukuu. Hivi vinapendwa kwa sababu ni rahisi na kila kimoja kinatoka na umbo lake. Tafuta taulo zito au blanketi chakavu, kwa Arusha pitia Krokoni, kwa Moshi pale Memorial, uwaambie wauzaji unataka zile zilizotoboka ambazo hazinunuliwi. Koroga saruji na maji mpaka uzito wa uji wa mgonjwa, ule usiodondoka haraka kwenye kijiko. Ndoo ipinduliwe, ivalishwe mfuko wa nailoni ili isigandane. Chovya taulo, likamue kidogo, lifunike juu ya ndoo na uyapange mikunjo yake kwa mkono. Vaa glavu. Saruji mbichi inachoma ngozi polepole, unakuja kushtuka usiku vidole vinawaka.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapoharibikiwa. Saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kushikana na maji. Ukiianika juani siku ya kwanza ili "iwahi", unainyima maji kabla haijamaliza kazi yake, na chungu kinabaki chepesi, kinatoa unga, kinapasuka ukikiinua na udongo. Ikishashika, siku ya pili, toa ndoo, paka mkono wa pili wa saruji kwa brashi, halafu funika na gunia lililoloweshwa na uendelee kulilowesha kwa siku 7. Mafundi ujenzi wanajua, ndiyo maana wanamwagilia zege. Nguvu yake huhesabiwa kwenye siku ya 28, kwa hiyo usiwe na haraka ya kupanda.

Tundu la chini toboa mapema, siku ya kwanza, kwa kupitisha kipande cha bomba. Ukisubiri mpaka kikomae utahitaji drili na roho ngumu. Na kabla ya kupanda, kijaze maji, kaa siku mbili, mwaga, rudia. Saruji mpya hutoa chokaa nyingi na mizizi michanga haiipendi.

Mawe yetu meusi na mekundu. Hii ndiyo mali ambayo watu wa Dar wanatuonea wivu. Yale mawe mepesi yenye vitundu, yaliyotoka kwenye moto wa volkano, meusi au mekundu kama moramu, yanashika unyevu ndani ya vitundu na wakati huohuo yanaacha hewa ipite. Kwa njia ya kupita miguu, kwa kuzungushia mashina ya miti, kwa kujaza kwenye mfereji wa kando ya nyumba ili matone ya paa yasirushie ukuta tope, sijaona kinachoyashinda. Yakisagwa saizi ya mahindi yanaingia kwenye udongo wa vyungu. Ukiyachanganya, yachanganye na udongo wote, usiyatandike chini peke yake. Najua hapo nitabishiwa, karibuni.

Mnyororo wa mvua. Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote, na sijakiona kwenye nyumba nyingi. Badala ya bomba la kushusha maji kutoka kwenye gata, unaning'iniza mnyororo wenye vikombe vidogo vya bati, kila kikombe kimetobolewa kitako. Maji yanashuka kikombe hadi kikombe. Wajapani wanayo desturi hii tangu zamani kwenye mahekalu na nyumba zao. Sisi tuna mafundi bati wanaotengeneza vibatari, mabeseni na majiko. Mpelekee mmoja kikombe kimoja cha mfano, mwambie unataka vinavyofanana, vipana juu na vyembamba chini. Waya mgumu wa mabati unatosha kuviunganisha. Chini uweke chungu kipana kilichojaa mawe, chenye tundu linalopeleka maji kwenye pipa.

Kwa nini pipa? Kwa sababu ya jambo la maji yenyewe, ambalo huku kwetu si dogo. Mito na chemchemi nyingi zinazotoka Meru zina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vya huku vinavyovuka hapo mara kadhaa. Tunayaona meno ya watu wetu, tunajua. Ila wachache wanajua kwamba mimea nayo inaumia. Jamii ya masale, na ile mimea ya ndani yenye majani marefu membamba ya mistari myeupe, hukusanya floraidi kwenye ncha za majani mpaka zinageuka kahawia na kukauka. Mtu anadhani ni kiu, anazidi kumwagilia maji yaleyale. Ukiona ncha kavu huku udongo una unyevu, badilisha maji kabla hujabadilisha mbolea.

Maji ya mvua hayana shida hiyo. Hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 linateremsha lita 1,200, ukitoa kidogo kinachopotea. Mnyororo mmoja, kona moja ya baraza, na maua ya ndani yamepata maji ya wiki nyingi. Pipa lifunikwe kwa neti, hilo silijadili.

Nimeanza. Leteni na yenu, na maswali.

Kaka wa Njiro

Mkuu heshima yako, umeshusha madini. Mimi swali langu ni matairi. Nina matairi chakavu ya gari dogo nyuma ya nyumba, mama watoto anataka nipake rangi niyapange getini nipande maua. Wewe matairi hujayataja kabisa, ni makusudi au umesahau?

Bustani ya Meru

Kaka, sikuyataja kwa sababu yanataka maelezo yake.

Tairi ni nyumba ya mbu. Ukilisimamisha au kulilaza, lile bonde la ndani linashika maji hata ukilipindua, na mbu wa dengi anapenda sana vyombo vidogo vyenye kivuli kama hivyo. Mayai yake yakiwa makavu yanaweza kukaa miezi, mvua ikija yanaanguliwa, na ndani ya wiki moja hadi mbili una mbu wanaoruka. Kwa hiyo kama unatumia tairi, kata shavu lote la juu na la chini kwa kisu kikali (paka maji ya sabuni kwenye kisu, kitateleza), ubaki na mkanda. Ukitaka kulitundika kama bembea ya watoto, toboa matundu mfululizo upande wa chini.

Rangi: safisha kwa sabuni na brashi, kausha, paka rangi ya mafuta. Chagua rangi nyepesi, nyeupe, njano, samawati. Tairi jeusi juani linapika mizizi.

Maua tu, mboga hapana. Mpira wa tairi una zinki na kemikali nyingine ambazo sitaki ziingie kwenye mchicha wa watoto wako.

Mzee wa Kihamba

Nawasalimu vijana. Nimesoma mpaka mwisho, nami niseme machache kutoka huku Marangu.

Umetaja masale kwa upande wa majani kukauka. Kwetu sale si ua la kupamba tu. Linapandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, na likishapandwa mpaka umesemwa. Aliyekosana na ndugu akija na jani la sale mkononi, amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumfukuza mtu huyo. Vijana wa sasa mnaliweka kwenye chungu sebuleni, sikatai, linapendeza na linavumilia kivuli. Ila mjue mmeweka nini, na watoto wenu muwaambie.

Kulipanda ni rahisi. Kata shina la urefu wa mkono, acha jeraha likauke kivulini siku mbili tatu, chomeka wakati wa mvua. Usilichomeke juu chini.

La pili, msitafute mbali mpangilio wa bustani. Kihamba chenyewe ni mpangilio: juu miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na majani ya ng'ombe. Mwenye kiwanja kidogo mjini anaweza kuupanga hivyohivyo kwa maua. Kirefu nyuma, cha kati, kifupi mbele, na ardhi isibaki wazi. Ardhi ikibaki wazi masika yanaondoka nayo.

Bustani ya Meru

Shikamoo mzee. Asante sana. Hilo la ardhi kutobaki wazi nilitamani kulisema nikakosa namna, umelisema vizuri kuliko ambavyo ningesema.

Niongeze hapohapo kwa walio jirani na vinu vya kahawa: maganda makavu ya kahawa ni tandazo zuri sana chini ya maua, yana rangi ya kahawia inayopendeza na yanazuia vumbi lisirukie ukuta. Yasigusane na shina.

Binti Tengeru

Mimi najaza kokoto chini ya chungu halafu udongo juu. Nimefundishwa hivyo na kila mtu, hata wanaouza miche barabarani wanasema kokoto zinasaidia maji kutoka. Sasa wewe unasema nisiyatandike. Naomba ueleze maana nina vyungu vingi.

Bustani ya Meru

Dada, nilikuwa nakusubiri wewe. Wauzaji wa miche nawaheshimu, wananifundisha mengi, lakini hapa siko nao.

Udongo laini hushika maji kwa nguvu, hauyaachii kirahisi kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto. Yanajikusanya juu ya kokoto mpaka udongo ushibe kabisa, ndipo yanadondoka. Maana yake ile sehemu yenye maji mengi, ambayo ingekuwa kitakoni mwa chungu, umeipandisha juu karibu na mizizi. Umepunguza kina cha chungu chako bila faida.

Jaribu mwenyewe. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili, ichovye maji, ilaze juu ya viganja mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Itadondosha tena, bila kuikamua. Sponji ni ileile, kilichobadilika ni urefu. Chungu kirefu hutoa maji vizuri kuliko kifupi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo weka kipande kimoja cha neti au kigae juu ya tundu ili udongo usitoke, na yale mawe mepesi yachanganye humo ndani, kama sehemu moja kwa sehemu tatu za udongo wenye mboji.

Ulivyokwishapanda usivifumue. Utafanya ukibadilisha udongo.

Binti Tengeru

Nimesimamisha sponji jikoni sasa hivi. Imedondosha kweli. Nimeelewa, asante.

Seremala wa Majengo

Salaam wakuu. Mimi ni fundi Moshi mjini. Watu wengi wananiletea paleti niwatengenezee benchi, rafu za maua na meza za baraza. Kazi nzuri na rahisi, ila kuna vitu viwili.

Kwanza angalia muhuri ubavuni. Paleti zinazosafiri nchi na nchi zinapigwa muhuri unaoonyesha zilivyotibiwa wadudu. HT maana yake zilipashwa joto, hizo chukua. MB zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, hizo acha, msizilete nyumbani wala msizichome jikoni. Isiyo na muhuri kabisa, na ina madoa ya mafuta au harufu usiyoijua, iache pia.

Pili, mchwa. Huku kwetu benchi likigusa ardhi limekwisha. Weka miguu juu ya jiwe au kipande cha tofali la saruji, na uache nafasi uweze kufagia chini yake. Mchwa hujenga njia ya udongo kupanda. Ukifagia kila wiki unaiona na kuivunja mapema. Mbao za juu za benchi usizibananishe, acha upenyo wa msumari mmoja ili maji yapite. Mleta uzi ana haki, maji kwanza. Na mbao za kulalia ziinamishwe kidogo sana mbele, jicho halioni lakini maji yanajua.

Mgrivea ni mbao nzuri ya bei ya chini kwa kazi hizi, una mistari ya kupendeza ukipigwa msasa. Usiuache bila vanishi nje.

Baba Kiboriloni

Fundi, mbona hujataja oili chafu? Baba zetu wamepaka oili chafu ya gari kwenye nguzo za uzio miaka yote na mchwa hawakugusa.

Seremala wa Majengo

Baba, kwa nguzo ya uzio wa ng'ombe najua inafanyika sana. Lakini hapa tunazungumzia sanduku la maua na benchi ambalo mtoto anakaa na kaptura. Oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya metali na masizi, mvua inaiosha inaingia kwenye udongo uleule uliopanda. Na kwa nyumba zilizo jirani na mfereji, huo mfereji unakwenda kwa mtu wa chini.

Kama ni lazima nguzo iingie ardhini, mimi huchoma juu juu kwa moto ile sehemu ya kuzikwa mpaka iwe mkaa mwembamba, halafu naizungushia kokoto badala ya udongo mtupu. Haizuii mchwa moja kwa moja, ila maji hayakai pale na inachelewa kuoza.

Baba Kiboriloni

Hoja ya mtu wa chini nimeikubali. Asante fundi.

Mpangaji wa Sakina

Jamani sisi wapangaji mmetusahau. Mwenye nyumba wangu hataki msumari ukutani, hataki rangi, uani ni zege tupu tunashirikiana na wapangaji wengine. Chumba na sebule. Nifanye nini?

Dada wa Vitenge

Mdogo wangu, hapo ndipo mimi ninapoishi, njoo nikwambie.

Nenda kwa mafundi cherehani mwisho wa wiki, uombe mabaki ya vitenge. Wengi wanayo mfuko mzima wanatupa au wanawapa watu wa kusafishia mashine. Yapange kwa rangi kabla ya kushona, usishone tu ulichookota. Mimi hutenga yenye samawati na nyeupe kundi moja, yenye nyekundu na kahawia kundi jingine. Shona foronya za mito ya kochi, nyuma weka kitambaa kimoja kizito, mfano gunia la kahawa lililofuliwa vizuri na kupigwa pasi. Gunia na kitenge vinakaa pamoja vizuri mno, hilo nalisema kwa mapenzi yote.

Pazia la mlangoni litundike kwa fimbo ya kubana katikati ya kuta mbili, ile yenye springi, haitaki msumari. Ncha za kamba ya pazia tia shanga. Wamama wa Kimaasai wanaouza shanga mjini watakutengenezea kwa rangi utakayo ukikaa nao ukaeleza. Usiwabanie bei kwa kazi ya macho na sindano kama ile.

Halafu taa. Maganda makavu ya mgomba, yale yanayojibandua yenyewe kwenye shina, yachane nyuzi pana kama kidole, loweka kidogo yalainike, suka kuzunguka fremu ya waya. Mwanga unaopita pale ni wa dhahabu. Tumia taa ya LED peke yake, ile ya zamani ya waya inachemka na maganda yatashika moto. Kausha maganda kivulini, juani yanapauka na kuvunjika.

Mpangaji wa Sakina

Dada nimefurahi mpaka nimemsomea mwenzangu. Hayo maganda ya mgomba hayataota ukungu? Julai nguo zangu kabatini zinaota.

Dada wa Vitenge

Yataota ukiyasuka yakiwa na unyevu, au ukiyaweka ukutani pasipo hewa. Suka, kisha acha siku kadhaa penye upepo, halafu pitisha vanishi nyepesi pande zote mbili. Taa ikiwashwa jioni yenyewe inafukuza unyevu. Kikapu cha maganda usikiweke bafuni wala sakafuni kwenye zege.

Bustani ya Meru

Kwa mpangaji niongeze mmea mmoja, maana mmea nao unatengenezewa nyumba kwa mkono. Lile ua dogo la zambarau la Usambara, linalouzwa kwenye vyungu duniani kote kuanzia Ulaya mpaka Marekani, asili yake ni misitu ya milima yetu ya Afrika Mashariki. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikusanya Usambara enzi za ukoloni, mwaka 1892, likapelekwa kwao na kupewa jina lake la kisayansi. Sisi tunaokaa karibu nalo ndio tunaolinunua kwa nadra.

Porini linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Kwa hiyo lile jiwe letu lenye vitundu ni kama lilitengenezwa kwa ajili yake. Tafuta jiwe linaloenea kwenye viganja viwili, lichonge shimo katikati kwa tindo na nyundo ndogo (vaa miwani, vipande vinaruka), jaza mboji iliyochanganywa na mchanga wa jiwe hilohilo, panda. Weka jiwe kwenye sahani yenye maji kidogo, linavuta lenyewe kutoka chini. Majani yasiguswe na maji baridi, yanaota madoa. Dirisha la asubuhi linatosha.

Mche ununue kwenye kitalu. Kung'oa porini tafadhali hapana, kuna aina ambazo zimebaki sehemu ndogo sana.

Mama wa Rau

Habari zenu. Mimi nina ukuta mrefu wa uzio, tofali za saruji hazijapigwa lipu, unaharibu uwanja wote. Fedha ya lipu na rangi haipo kwa sasa. Mnashauri nini?

Seremala wa Majengo

Mama, chokaa. Chokaa ya kupakia, iloweke kwenye ndoo usiku kucha (tia chokaa kwenye maji, si maji kwenye chokaa), chuja, paka nyembamba kama maziwa, mikono mitatu. Ukuta uloweshe kwanza kwa maji. Mkono mmoja mzito unabanduka, mitatu myembamba inashika. Linda macho, chokaa ikiingia jichoni ni hatari, weka maji safi karibu.

Bustani ya Meru

Mama, naunga mkono fundi. Na Rau mna udongo mwekundu mzuri, chekecha kwa chekeche laini, changanya kwenye chokaa kidogo kidogo mpaka upate rangi ya waridi au ya tofali. Koroga yote ya ukuta mzima kwa mara moja, maana ukikoroga nyingine kesho hazitafanana. Ikikauka inapauka sana, kwa hiyo jaribu kwanza kipande nyuma.

Chokaa inaganda kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka hewani na inaacha ukuta upumue, unyevu wa masika unatoka badala ya kufungiwa ndani. Fanya baada ya masika, usiku kukiwa hakuna mvua. Mbele yake panda bogenivilia moja tu, ya rangi moja. Ukuta wa waridi na bogenivilia nyeupe, utakuja kuniambia.

Mama wa Rau

Nyeupe! Mimi nilikuwa nafikiria ile ya zambarau. Ngoja nitafute nyeupe.

Kaka wa Njiro

Matairi nimekata, mama watoto amechagua njano. Sasa narudi kwenye mnyororo wa mvua, maana umenikaa kichwani. Mvua yetu ya Aprili si ya Japani. Ikipiga ile ya usiku, vikombe si vitarusha maji ukutani? Na upepo je?

Bustani ya Meru

Kaka, umeuliza penyewe.

Vitarusha, kwa hiyo usiuweke mahali ambapo bomba la gata lilikuwa limeshikana na ukuta. Uweke kwenye kona ya baraza ambapo paa limetokeza nje, angalau hatua nzima ya mtu mzima kutoka ukutani. Kama paa lako ni kubwa na lina gata moja, acha bomba la kawaida upande mmoja libebe mzigo, mnyororo ubebe baraza peke yake. Vikombe viwe vipana, kama kikombe cha chai cha bati na zaidi, na tundu la kitako lipitishe kidole gumba. Vikifurika, maji yanafuata nje ya kikombe kushuka kwenye kinachofuata, hayapotei mbali.

Upepo: mwisho wa mnyororo usiuache ukining'inia. Fungia kwenye kipande cha nondo kilichozikwa kwenye zege dogo chini ya lile chungu la mawe, uukaze kiasi usiweze kuyumba lakini usivute gata. Na pale juu unapoanzia, fundi wa kuchomelea akutengenezee ndoano inayokaa ndani ya tundu la gata, isitegemee misumari ya gata yenyewe, maana mnyororo uliojaa maji ni mzito.

Tundu la pipa la kutolea maji ya ziada lielekezwe kwenye masale au migomba, si kwa jirani.